Chapati ya Kwanza ni ya Mpishi

Pale Buyenzi, mbele ya gereji ya Khaled, chapati ya kwanza ya asubuhi haiuzwi. Ni ya mpishi. Mwavita anaiopoa kwenye kikaango ikiwa bado inatoa moshi, anaikunja mara nne, anaiinua juu ili kila mtu aliye kwenye benchi aione, halafu anaiuma. Anatafuna. Anameza. Anafungua mdomo kama mtoto mbele ya daktari wa meno, na mafundi wote wanaitikia, "Imepita!" Hapo ndipo biashara inafunguka.

Desturi hiyo ina miaka ishirini. Ilianza mwaka ule mama mmoja wa uji alipozushiwa kuwa ni mulozi, yaani mchawi, kwamba anatia kitu ndani ya sufuria. Kama alitia au hakutia, hakuna aliyejua, lakini mama wa watu alihama na sufuria zake kabla ya Ijumaa. Mwavita alikuwa mgeni kutoka Uvira, upande wa Kongo, hana mume, ana watoto wawili wa kulisha. Akajiambia: mimi sitangojea kuulizwa. Kesho yake akauma chapati ya kwanza mbele ya watu, bila kuombwa na mtu. Mafundi wa Buyenzi wanaweza kusahau deni, wanaweza kusahau hata mke, lakini jambo la kuwachekesha asubuhi hawalisahau. Likawa sheria.

Tatizo ni kwamba kwa miezi minne sasa chapati ya kwanza haifiki tumboni. Anaiuma, ndiyo. Anaitafuna kwa shavu moja kama mbuzi mwenye siri. Kisha moshi wa mbabula, lile jiko lake la makaa, unamshika kooni, kila siku saa ileile, moshi mtiifu kuliko moshi wowote wa Bujumbura. Anageuka, anakohoa ndani ya kitambaa, na akirudi mdomo ni mtupu. "Imepita!" Kitambaa kinaingia mfukoni. Jioni kuku wa jirani wanapata sherehe.

Kilichomfundisha uongo huo ni karatasi moja kutoka Liège.

Lisette, binti yake wa kwanza, ameolewa huko Ubelgiji. Kwa miaka mingi alikuwa amekonda kama fimbo ya mwavuli, damu haitoshi, tumbo halitulii. Madaktari walitafuta mpaka wakakuta: tumbo lake halipatani na ngano. Siyo kwamba apunguze, hata chembe hapana. Ngano, shayiri na ukoo wao wote. Wakasema jambo hilo linatembea ndani ya damu ya familia, kwa hiyo ndugu wa karibu wapimwe. Mwavita alikuwa ameenda huko kumsaidia na mtoto mchanga. Alikubali kupimwa kwa kucheka, kama mtu anayejaribu kofia dukani. Mwanamke wa kilo themanini na mbili, anayebeba gunia la unga begani, apimwe nini? Walimtoa damu. Wakamshusha mpira wenye kamera kooni. Kisha daktari, kijana aliyevaa viatu vya kukimbilia, akakaa mbele yake akasema na Lisette, na Lisette akamgeukia.

"Mama, na wewe uko nayo."

"Mi siumwi."

"Ndiyo, mama. Kuna batu banakuwa nayo na habaumwi."

"Siharishi. Sitapiki. Nalala kama gogo."

Daktari alichora kwenye karatasi. Ndani ya utumbo, alisema, kuna vinyweleo vidogo kama vya taulo mpya, na ndivyo vinavyonyonya chakula. Ngano inavinyoa. Vya Mwavita vilikuwa vimebaki kama taulo ya gesti ya bei rahisi. Akiendelea hivyo mifupa italainika, damu itapungua, na mbele zaidi kuna mambo ambayo daktari aliyataja kwa sauti ndogo na Lisette hakuyatafsiri.

"Ninyolewe ndani miaka yote hii na nisisikie?"

"Wembe mukali hauumi, mama."

Ndani ya ndege ya kurudi walimletea mkate ndani ya plastiki, makaroni, biskuti, na keki ndogo kama sabuni ya hoteli. Alivipanga mbele yake akavitazama kama mtu anayetazama picha za marehemu. Alikula ndizi zake mbili na karanga kutoka Brussels mpaka Bujumbura. Jirani wa kiti aliuliza kwa adabu kama ataumaliza ule mkate. Mwavita akampa. Tangu siku hiyo wengine wakisafiri wanafunga nguo, yeye anafunga chakula. Akienda msibani Kinama, sakoshi yake ya mkononi ina mihogo ya kuchemsha. Akienda arusi, anakula nyumbani kwanza halafu anacheza dansi karibu na meza ili aonekane ameshiba.

Hakumwambia mtu. Nani atanunua chapati kwa mpishi anayesema unga unamnyoa? Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa Destin.

Destin ni kitinda mimba wake, fundi wa umeme wa magari katika gereji ya Khaled. Mwaka jana alitengeneza gari la Bwana Marcellin wa Kiriri, kule mlimani, mtu mkubwa wa wizara, na alipopanda kulirudisha akapokelewa na binti, Orlane. Gari lile likaanza kuharibika kila wiki. Sasa watoto wanataka kuoana, na watu wa Kiriri hawatoi binti hivihivi. Wanauliza polepole, huku na huku: kwenye ukoo ule kuna kifafa? Kuna kichaa? Kuna mulozi? Kuna ugonjwa gani unaorithiwa? Upande wa bibi, je? Na Wakongomani wauza chapati wanaulizwa mara mbili.

Kila Jumapili Lisette alipiga simu.

"Mama, Destin amepimwa?"

"Wiki ijayo."

"Mama."

"Aoe kwanza. Damu haitakimbia."

Basi ilipangwa siku ya *gufata irembo*, ile ziara ya kwanza ambapo upande wa mwanamume unakwenda kushika mlango wa wakwe na kusema shida yake. Jumamosi, saa nane mchana. Kwa kuwa Mwavita hana kaka Bujumbura, Khaled alikubali kuwa msemaji, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata. Sharti lake lilikuwa moja tu: alikuwa amefunga zile siku sita za baada ya Ramadhani, kwa hiyo atasema lakini hatakula.

Jumatano ya wiki hiyo dereva mmoja wa gari safi alisimama mbele ya kibanda, akaagiza chapati sitini za Jumamosi asubuhi.

"Za nyumba gani?" aliuliza Mwavita.

"Nyumba ya bakubwa, mama. Weka tu zile nzuri."

Hakuuliza zaidi. Alizipika alfajiri ya Jumamosi, kitenge kimefungwa puani ili asivute vumbi la unga, akazikabidhi. Halafu akaoga, akavaa, akafunga ndizi za kuchemsha na maharage ndani ya kopo, kopo ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya sakoshi, na wakapanda Kiriri kwa gari la mteja mmoja wa Khaled ambalo, tuseme, lilikuwa bado halijamalizika kutengenezwa.

Nyumba ya Marcellin ilikuwa na kochi la ngozi. Mwavita alipoketi, kochi lilimmeza. Magoti yalipanda juu, sakoshi ikabaki kifuani, na alijua palepale kwamba kutoka humo bila wanaume wawili haiwezekani.

Marcellin alikuwa mjane, mtu mrefu wa maneno machache. Nyumba iliendeshwa na dada yake mkubwa, Dative, aliyemlea Orlane tangu mama yake alipofariki. Dative alikuwa mwembamba, ana macho ya mwalimu anayejua ni nani amenakili. Orlane alikaa karibu naye, mikono magotini, akijitahidi kutomtazama Destin na akishindwa.

Khaled alisema vizuri. Alisema ng'ombe wao mmoja alipotea, wakafuata alama za kwato zake, na alama zimeishia langoni hapa. Marcellin akajibu kwamba ng'ombe wa Buyenzi kupanda mlima mpaka Kiriri lazima awe na pumzi nzuri. Watu wakacheka. Mambo yalikuwa yanakwenda.

"Mama Destin, bia?" aliuliza Dative.

"Nimeokoka," alisema Mwavita, ambaye kanisani alionekana mara ya mwisho siku ya Pasaka.

Destin alimgeukia mama yake. Ikaletwa Fanta. Dative alifungua chupa mbele yake, akamimina kidogo kwenye glasi yake mwenyewe, akanywa kwanza, kama inavyofanywa katika nyumba yenye adabu ili mgeni ajue kinywaji hakina kitu. Mwavita akanywa. Moyo ukatulia kidogo. Labda wataleta mchele, aliwaza. Labda samaki.

Likaletwa sinia kubwa lililofunikwa kitambaa cha maua. Kabla kitambaa hakijatoka Mwavita alikwishajua. Mama hasahau sura ya mtoto wake. Kila chapati yake ina alama ya kidole gumba katikati, anapoibonyeza mara ya mwisho kabla ya moto. Na sasa vidole gumba sitini vilikuwa vinamtazama.

"Umezijua?" Dative alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Tulituma dereva. Nilisema, huyu mama tusimpikie vitu vya mpishi wa kukodi. Ale mikono yake mwenyewe ndani ya nyumba yetu, ajue tunaiheshimu. Na nasikia kwako chapati ya kwanza ni ya mupishi. Bon. Hata hapa."

Akaikunja moja mara nne, kama alivyosimuliwa, akaiweka kwenye sahani ndogo, akampa kwa mikono miwili.

Watu wote walikuwa tayari wana chapati zao mikononi, wakingoja.

Mwavita alijaribu mlango wa kwanza. "Mersi, mama. Nimeshiba kabisa."

"Kidogo tu. Heshima."

Akajaribu wa pili. "Kusema kweli, nimefunga. Kama Khaled."

"Umefunga," alisema Dative, "na Fanta mukononi?"

Mtu mmoja alicheka. Mwavita alicheka pia, kwa sababu ilikuwa nzuri, na yeye ni mtu wa kuheshimu utani mzuri hata ukimkata shingo. Lakini moyoni alikuwa anahesabu kuta. Akisema ni mgonjwa, ni ugonjwa wa damu, unarithiwa, na binti wa watu hatatoka. Akikataa bila sababu, ni mulozi, mpishi anayekwepa sumu yake, na binti wa watu hatatoka. Akila, hakuna kitakachotokea. Hatapinda mgongo, hatatapika, hataumwa hata kichwa. Na hicho ndicho kilichomtisha kuliko vyote, maana siku atakapokuja kusema "mimi siwezi ngano," watajibu: si ulikula Kiriri, na tulikuona ukicheka?

Kulibaki mlango mmoja, ule wa kila asubuhi. Kuuma, kutafuna kwa shavu, kukohoa. Kiriri hakuna moshi, lakini vumbi la zulia lingefaa. Akainua chapati kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaingia ndani ya sakoshi kutafuta kitambaa.

Alisahau kwamba ndani ya kitambaa kuna kopo.

Alivuta. Kopo likaruka, likafunguka kifuniko, maharage yakamwagika kwenye viatu vya Khaled, na ndizi moja ya kuchemsha ikabingirika juu ya zulia, taratibu, mpaka miguuni pa Bwana Marcellin. Ikasimama hapo.

Macho yote yakabaki kwenye ndizi.

"Mugeni," alisema Dative polepole, "amekuja na chakula chake."

Marcellin alirudisha chapati yake sahanini. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

"Si hivyo, mama..."

"Khaled." Dative hakumtazama Mwavita tena. "We unakula kwake kila siku. Yeye mwenyewe, anakulaka?"

Khaled alipangusa harage kwenye kiatu, akapangusa tena mahali palipokuwa safi. "Niko na saumu," alisema mwishowe. "Siwezi kusema uongo. Anaumaka. Kisha anakohoa. Miezi minne sasa anakohoa."

"Yemwe! Mupishi anaogopa mikono yake!" alimaka Dative.

"Mama yangu si mulozi!"

Destin alikuwa amesimama. Alifika kwenye sinia kwa hatua mbili, akachukua chapati, hakuikunja, akaila yote kwa kuuma mara tatu. Akachukua ya pili. "Kama iko na kitu, inikamate mimi. Ni mama gani atapika sumu kisha mutoto wake wa kiume aile mbele yake?" Akachukua ya tatu.

Nao watu wa Kiriri wakaanza kulegea. Kwa kweli, ni mama gani? Orlane alikuwa ameziba mdomo, machozi na kicheko vimechanganyika. Marcellin aliinama, akaokota ile ndizi, akaiweka mezani kama kitu cha thamani. "Huyu anakula kama askari," alisema, na kulikuwa na kitu kama upendo katika sauti yake. Hata Dative alishusha mabega. Ilikuwa imekwisha. Harusi imepona. Mwavita alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu ndani ya kochi lake, amezwe salama.

Destin alichukua ya nne. Mafuta yaling'aa kidevuni. Mwavita alimwona akimeza, akaona kitu kile kikishuka, na huko chini akaona taulo.

"Destin, acha!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko chumba. Destin alisimama na chapati nusu mdomoni.

"Aache nini?" aliuliza Marcellin. "Kwa hiyo kuna kitu."

"Kuna kitu," alisema Mwavita. "Lakini haiko ndani ya chapati. Iko ndani ya mimi. Na labda iko ndani ya huyu."

Akawaambia. Liège, kamera, taulo, wembe. Aliwaambia akiwa ameketi chini hivyohivyo, magoti juu, kwa kuwa kochi lilikataa kumwachia asimame kama mtu.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha Dative akauliza kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu.

"Inauma wapi?"

"Hapaumi."

"Popote?"

"Popote."

"Unakonda?"

Mwavita alijitazama, Dative akamtazama, wote wakatazama. "Mi ndiyo hii," alisema Mwavita.

"Mugonjwa mwenye hana ugonjwa. Na dawa?"

"Hakuna dawa. Kuacha ngano tu. Mpaka kufa."

"Bugali ya muhogo?"

"Nakula."

"Mahindi? Mchele? Maharage?"

"Nakula. Isombe, ndizi, sangala, ndagala, vyote."

"Kwa hiyo," alisema Dative, "huo ugonjwa wako unakatazaka mukate wa Bazungu peke yake?"

"Na bia."

"Na bia!" Hapo ndipo wanaume wa nyumba walisikitika kwa mara ya kwanza. "Ju ya hiyo ukasema umeokoka?" aliuliza Dative.

"Nilikuwa njiani kuokoka, mama."

Walicheka, na kwa kitambo kidogo Mwavita alidhani mlango umefunguka. Lakini Marcellin hakucheka. "Inaambukiza?"

"Apana."

"Inarithiwa?"

Huwezi kumzunguka mtu wa wizara. "Ndiyo. Si kila mutoto. Lakini inaweza."

Marcellin aliizungusha ile ndizi mezani kwa kidole. "Sikufukuzi," alisema. "Lakini umetuficha. Bon. Kijana apimwe. Damu ijibu kwanza, kisha sisi tutajibu."

Orlane alifungua mdomo. Shangazi yake akamgusa goti, akaufunga.

Khaled na Destin walimvuta Mwavita kutoka kwenye kochi, mmoja kila mkono. Nje, dereva wa gari safi aliweka sinia ndani ya gari lao bila kuambiwa na mtu. Chapati hamsini na sita. Zawadi iliyorudishwa ni nzito kuliko ilipokwenda.

Waliteremka mlima. Walipofika chini kabisa Destin akamgeukia mama yake.

"Miezi minne, mama."

"Nilitaka uoe kwanza."

"Na batoto bangu? Ungesema lini? Bakishanyolewa?"

Mwavita alifunga kopo tupu ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya sakoshi.

Jioni ileile kabla ya magharibi walimpigia Lisette, simu imewekwa juu ya gunia la unga ili wote wasikie. Lisette alilia, akagomba, halafu akatulia na kueleza. Kuna labo mjini inayotoa damu na kuituma Ulaya kwa ndege, lakini mara moja kwa mwezi. Siku ya kutoa ilikuwa imepita juzi. Itabidi kungoja wiki nne.

"Basi tangu leo asiguse ngano," alisema Mwavita. "Nitampikia bugali asubuhi, mchana na jioni."

"Apana, mama! Asiache. Akiacha, damu itadanganya. Itasema hana hata kama anayo. Lazima ale kila siku mpaka siku ya sindano."

Mwavita alilitazama gunia lililokuwa linaongea. "We Lisette. Unasema mimi, mama yake, nimupikie kila siku kile kitu chenye kinaweza kumumaliza?"

"Mbili kwa siku, mama. Ndiyo njia ya kujua."

Ndivyo alivyoingia ndani ya kuta za mwisho, na hizo alizijenga kwa unga wake mwenyewe. Kila asubuhi alifunga kitenge puani, akakanda, akabonyeza kidole gumba katikati, akamkaangia mwanawe chapati mbili. Destin alikula amesimama, mgongo umegeukia barabara.

"Inauma?" aliuliza mama yake.

"Apana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Niache nile."

Angeshukuru kama ingeuma. Angalau kungekuwa na kitu cha kupuliza.

Habari ilikuwa imeteremka kutoka Kiriri kabla ya gari lao. Wengine walisema mpishi ana ugonjwa, wengine walisema ana dawa ya kienyeji, na mmoja alisema amemroga mwanawe ili asioe. Chapati ya kwanza sasa haikuwa ya mtu. Mwavita hakukohoa tena. Uongo ule ulikuwa umezeeka. Aliiweka tu pembeni, ikapoa huko. Benchi likabaki na Khaled na mafundi wake, waliokula kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama watu wanaopiga makofi kanisani peke yao. Yeye mwenyewe alikula ndizi za kopo nyuma ya kibanda, akiwa ameupa mgongo moto wake.

Alhamisi ya wiki ya tatu, gari safi lilisimama mbali, kwenye kona ya maduka ya vipuri. Orlane aliteremka. Alikuja kwa miguu kati ya injini zilizofunguliwa, ameinua gauni lisiguse mafuta machafu, akasalimia, akakaa kwenye benchi katikati ya mafundi wawili ambao ghafla walikumbuka kujipangusa mikono.

"Shikamoo, mama. Chapati ya kwanza iko wapi?"

"Hiyo haiuzwi, binti yangu. Ni ya mupishi."

"Na mupishi akiwa mugonjwa?"

Mwavita hakuwa amewahi kuulizwa. "Basi... ya mutu wa nyumbani."

Orlane alinyoosha mkono. Akaichukua ile iliyokuwa inapoa pembeni, akaikunja mara nne, akaiinua juu mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Akaiuma. Alitafuna kwa mashavu yote mawili. Akameza. Kisha, binti wa wizara, mbele ya gereji nzima, akafungua mdomo wazi mpaka jino la mwisho likaonekana.

Halafu Khaled, kutoka chini ya gari, bila kutoa kichwa: "Imepita!"

"Imepita!" wakaitikia mafundi.

Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu walipunguza mwendo. Mmoja akasogea, akauliza bei, kana kwamba hajui.

Mwavita aliinama kuelekea kwa Orlane. "Baba yako anajua uko hapa?"

"Baba anangojea damu."

"Na we?"

"Mi nangojea chai, mama. Hii chapati ni kavu."

Mwavita aligeuka haraka. Moshi wa mbabula ulimshika kooni, na safari hii ulikuwa moshi wa kweli, au kitu kingine. Alikohoa ndani ya kitambaa mpaka macho yakalowa. Alipomaliza akamimina chai. Halafu akabonyeza kidole gumba kwenye unga, akamkaangia Destin zake mbili, akazipeleka kwenye sahani pale alipokuwa amekaa sasa, karibu na Orlane, goti kwa goti.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya sindano. Destin alichukua ya kwanza, na mama yake akatazama upande wa barabara mpaka amalize kumeza.